Kutoka Kiwalani hadi Mtaa wa Shaaban Robert kwa Miguu

Miji mikubwa ya wenzetu ina namna yake ya kuwakumbuka waandishi. London, ukitembea mtaani, unakuta vibao vya duara vya rangi ya buluu ukutani: fulani aliishi hapa, tangu mwaka huu hadi mwaka ule. Dublin, kila tarehe 16 Juni watu huvaa nguo za zamani na kufuata njia alizopita mhusika wa riwaya ya James Joyce, mtu ambaye hakuwahi hata kuzaliwa. Sisi je? Dar es Salaam ni mji wa watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022. Kiswahili kimeandikwa, kimechapwa na kusomwa hapa kwa zaidi ya miaka 100. Sasa mtu akitaka kuufuata mji huu kifasihi, kwa miguu yake mwenyewe, anaanzia wapi na anaona nini?

Nilichagua Jumamosi moja nijaribu. Nilianzia ninakoishi, Kiwalani, nikafuata Barabara ya Nyerere mpaka Kariakoo, nikapita Mnazi Mmoja, nikamalizia katikati ya mji, kwenye mtaa pekee katika njia yangu wenye jina la mwandishi. Ni kama kilomita 10 na ushee. Daladala ningefika mapema, lakini konda hakupi nafasi ya kutazama. Njiani nilikuwa nabeba swali moja tu: katika mji huu, maneno ya nani yamechongwa kwenye jiwe, na ya nani yameachiwa karatasi?

Kiwalani na Vingunguti

Kiwalani tupo wilaya ya Ilala, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Ndege hupita chini kiasi kwamba watu mnasimamisha mazungumzo, mnaisubiri ipite, mnaendelea. Ukitaja fasihi na Kiwalani katika sentensi moja watu watakucheka. Maduka ya vitabu ninayoyajua mtaani yanauza madaftari, rula na vitabu vya kiada, basi.

Lakini Kiwalani imesoma, tena sana. Kizazi changu kilikuzwa na hadithi za mfululizo za magazeti ya udaku, yale ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea. Eric Shigongo alikuwa na wasomaji ambao profesa yeyote wa fasihi angewaonea wivu. Hadithi kama Rais Anampenda Mke Wangu haikuhitaji kuelezwa kwa mtu. Ulikuwa ukiingia saluni unakuta wanabishana mke atarudi au harudi. Nakala moja ilisomwa na watu kumi: mwenye genge, fundi cherehani, binti wa saluni, kijiwe kizima cha bodaboda. Asiyejua kusoma alisomewa. Mwisho wa yote ukurasa uleule ulifungiwa vitumbua. Wasomi wengi hawakuiita fasihi, na sibishani nao hapa kuhusu ubora. Ninachosema ni kwamba huko ndiko watu wetu walikojifunza kusubiri sura inayofuata.

Ukitoka Kiwalani unakutana na Vingunguti, maarufu kwa machinjio yake. Hapa nilimkumbuka Emmanuel Mbogo na riwaya yake Watoto wa Mama N'tilie ya mwaka 2002, ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari. Watoto wawili, Peter na Zita, wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mama anauza chakula, baba ni mlevi, na mji unawafundisha watoto njia nyingine ya kuishi, ikiwemo ya jalalani. Tuliambiwa tuandike "dhamira" na "wahusika", tukaandika. Hakuna aliyetuambia kwamba habari ya jalala ni historia ya upande wetu huu wa mji. Wakazi wa Tabata walilipeleka Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na uvundo wa jalala, wakashinda mwaka 1988. Taka zilihamishwa, zikazua kesi nyingine kule Kunduchi, na katika miaka ya 1990 zikaja kumwagwa hapa Vingunguti. Tabata hadi leo kuna kituo kinaitwa Dampo.

Kwa hiyo pembezoni mwa mji tumo katika vitabu, ila tumeingia kwa mlango wa nyuma, pamoja na taka. Mwanafunzi wa Vingunguti anaisoma riwaya ile kama habari ya watu wa mbali, kumbe jalala lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Barabara ya Nyerere

Barabara hii wazee bado wanaiita Pugu Road. Siku hizi ni vumbi, magari makubwa na ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi, mtembea kwa miguu unajitafutia pa kupita. Lakini ni barabara ya kifasihi kuliko inavyoonekana.

Kule inakoelekea, Pugu, Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko kuanzia 1953 hadi alipoacha kazi mwaka 1955. Huku mjini ndiko kulikokuwa na shughuli za chama, naye alikuwa akija na kurudi. Sisi tunamkumbuka kwa siasa, na hapo hatukosei. Ila mwalimu yule ndiye aliyemfanya Shakespeare aongee Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa tayari rais. Mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Hebu litazame jina hilo. Shakespeare aliandika habari za mfanyabiashara mmoja; Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaandika mabepari, tena kwa wingi. Neno moja la jalada linakueleza nchi ilikuwa inawaza nini mwaka ule.

Nimeipita barabara hii maisha yangu yote. Jina lake ni la Rais. La mtafsiri halipo popote.

Tazara

Pale Tazara, chini ya daraja la juu, nilisimama kunywa maji. Reli ya kwenda Zambia ilijengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975. Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1974, kilitoka kitabu chembamba kinachoitwa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, na Watanzania wakamfahamu mpelelezi Willy Gamba.

Willy Gamba ni kijana mtanashati, anapenda suti, anapenda wanawake, anapiga risasi bila kukosea. Unaweza kusema ni James Bond wa Kiswahili, na aliyemtunga hakuficha kuvutiwa na riwaya za namna hiyo. Lakini maadui wa Willy Gamba ni majasusi wa makaburu na washirika wao. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe walikuwa wanaishi mitaani kwetu. Reli yenyewe ilijengwa ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake kwa makaburu. Musiba alichukua hofu iliyokuwa hewani, akaifanya hadithi ya kusomwa kwenye basi. Ndiyo maana ilipendwa: msomaji wa Dar aliyemwona mgeni hotelini alikuwa na sababu ya kujiuliza huyu katumwa na nani.

Musiba hakuwa mwandishi wa kushinda nyumbani akitunga. Alikuwa mfanyabiashara, akafika hadi kuongoza chemba ya wafanyabiashara wa nchi. Alifariki mwaka 2010. Jambo hili la kazi ya pili, naomba ulishike, maana litarudi kila kituo.

Kariakoo

Ukishapita Veta na Kamata, unaingia Gerezani na harufu inabadilika: spea, mpira, mafuta ya kukaangia. Kisha Kariakoo yenyewe. Waingereza waliugawa mji kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, na huku kwetu Waafrika. Jina Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita kwenye ulimi wa Kiswahili, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza. Yaani moyo wa biashara ya nchi hii unaitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo ya vita isiyo yao. Likumbuke na hilo.

Katika mji huu wa kanda tatu, serikali ya kikoloni ilikuwa na jarida lake, Mambo Leo, lililoanza 1923 chini ya idara ya elimu. Sitalibeza. Washairi wengi walipata jina humo, Shaaban Robert akiwemo. Lakini lilikuwa sauti ya mwenye mtambo. Novemba 1937 akajitokeza mwenye duka mmoja, mzaliwa wa Uganda, anaitwa Erica Fiah, akaanzisha gazeti la Kiswahili akaliita Kwetu. Lilikuwa gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Miaka mitatu kabla alikwisha kuanzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Kwetu liliendelea, kwa kuchechemea na kusimama, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Fikiria ujasiri wa jina lile. Mtu aliyezaliwa Uganda, yupo mji ambao sheria inamwambia wapi pa kukaa, anaandika juu ya gazeti lake: Kwetu.

Nilitembea Mtaa wa Uhuru, zamani ukiitwa Kichwele, nikimfikiria mwingine aliyekulia maeneo haya, M. G. Vassanji. Mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1991 unaitwa Uhuru Street, na riwaya yake The Gunny Sack ilitoka 1989. Anaandika maduka ya Wahindi, bibi zake, watumishi, wateja, watoto wanaosikia lugha nne kabla ya kifungua kinywa. Ameandika kwa Kiingereza akiwa Kanada, na kwa sababu hiyo mara nyingi hatumhesabu. Hata hivyo nimesoma waandishi wachache walioutazama mtaa huu kwa karibu kama yeye. Nyumba za zamani za ghorofa moja alizozikuta yeye zinaondoka moja moja. Kila mwaka unakuta shimo, kisha nguzo, kisha ghorofa kumi za vioo.

Na humuhumu Kariakoo kulikuwa na fasihi isiyohitaji mtambo kabisa. Vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa na watunzi na waimbaji wao, na sauti moja iliyojulikana ilikuwa ya Titi Mohamed, kiongozi wa kuimba katika kikundi kimojawapo. TANU ilipozaliwa 1954 na ikatafuta wanawake wa kuhamasisha, haikuwa bahati kwamba ilimfikia yeye. Alikwisha kuwa na hadhira. Mtandao wa ngoma ukawa mtandao wa chama, na wimbo ukafanya kazi ambayo kipeperushi kisingeweza, kwa sababu wengi wa waliosikiliza hawakupelekwa shule.

Lumumba na Mnazi Mmoja

Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Watu husimulia mkutano ule kama habari ya wanasiasa 17. Katika hao 17, mmoja alikuwa mshairi Saadani Abdu Kandoro, mzaliwa wa Ujiji. Kitabu chake Mwito wa Uhuru kilitoka 1961, mwaka wa uhuru wenyewe, na Mashairi ya Saadani kikatoka 1972. Kwake shairi halikuwa pambo la mkutano. Lilikuwa hoja, lilijibiwa kwa shairi lingine, na mtu alishinda au kushindwa kwa vina na mizani mbele ya watu.

Mwaka huohuo wa 1954 alitoa kitabu mwana Ujiji mwingine, Sheikh Kaluta Amri Abedi: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wanaogombana hadi leo kuhusu mashairi ya kimapokeo na ya kisasa wanagombana kwa sehemu kubwa juu ya kitabu hicho. Sasa nakwambia jambo ambalo nikiwasimulia vijana wenzangu hudhani natania: mtu huyu aliyetuandikia sheria za vina alikuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mwaka 1960. Baadaye akawa waziri. Alifariki 1964 akiwa na miaka 40. Arusha wamempa uwanja wa mpira. Mji aliouongoza kama meya, katika kilomita zangu zote, sikuliona jina lake.

Unaona mfululizo wenyewe? Mwenye duka, mwimbaji wa ngoma, meya, mwalimu wa sekondari, mfanyabiashara. Wengi wao wamekuja kutoka kwingine: Uganda, Ujiji, Butiama. Ndiyo sababu vibao vya buluu vya London havitatutosha. Kibao kinahitaji nyumba ya mwandishi, na hawa wetu wengi walipanga chumba, wakahama, na chumba chenyewe leo ni jengo la maduka ya simu. Mahali pao halisi ni njiani, kati ya kazi na nyumbani.

Maktaba, Askari, Samora

Kutoka Mnazi Mmoja nilifuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed hadi Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nafurahi kila nikiandika anwani hii. Jengo la vitabu vya taifa lipo kwenye barabara ya mwanamke aliyeanza kwa kuimba. Sijui kama ilikusudiwa, lakini ni mahali pekee katika safari nzima ambapo mji na fasihi yake nimeviona vimekaa pamoja.

Kutoka hapo, kwa Mtaa wa Maktaba na Azikiwe, unafika Posta na Sanamu ya Askari. Kila mtu wa Dar ameipita. Ilizinduliwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wa Waingereza. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza na Kiswahili. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mshindi wa Nobel wa mwaka 1907, mtunzi mkuu wa sifa za himaya, mtu ambaye hakuwahi kuishi mji huu.

Nilisoma mara mbili, jua la utosi. Maandishi yanawasifu askari na wapagazi na kuwaahidi kukumbukwa kwa majina. Ukizunguka sanamu yote hutaona jina la mpagazi hata mmoja. Lile swali langu la asubuhi likapata jibu: katika mitaa niliyoipita, mtunzi aliyepata jiwe ni Kipling. Fiah, Kandoro, Amri Abedi, Musiba, wote wameachiwa karatasi.

Na karatasi ina adui wengi. Kwenye Barabara ya Samora, iliyokuwa Acacia Avenue wakati wa Mwingereza, ipo nyumba ya vitabu ambayo kila mpenzi wa fasihi anaijua, TPH. Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966. Kabla ya hapo hali ilikuwaje? Pambo la Lugha la Shaaban Robert lilichapishwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kusadikika, mwaka 1951, na Adili na Nduguze, 1952, vilitolewa na wachapishaji wa London. Kitabu cha Kiswahili kilipanda meli kwenda kwa mzungu na kurudi kuuzwa Tanga. TPH ikabadilisha njia hiyo. Chini ya Walter Bgoya, tangu 1972, kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kilitoka Dar na London mwaka mmoja. Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, vya Adam Shafi, vilitoka hapo, 1978 na 1979. Kwa miaka kadhaa, mtu aliyetaka kujua Afrika inafikiri nini alikuja Barabara ya Samora.

Kisha ikaja hali ngumu ya uchumi, karatasi ikawa adimu, bajeti za vitabu zikakatwa. Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, wakawarudisha sokoni waandishi kadhaa, Shaaban Robert akiwa mmoja. Lakini wengi hawakurudi.

Nilithibitisha hilo kwa mguu. Kando ya barabara kuna ndugu zetu wanaouza vitabu vya mtumba, wametandika turubai chini. Nilimuuliza mmoja, mtu mzima, kama ana Dar es Salaam Usiku cha Ben Mtobwa. Ni riwaya ya mwaka 1990, yenye jina la mji wetu jaladani, habari za baa na hoteli na watu wanaowinda pesa gizani. Mtobwa, aliyetoka Kigoma, ndiye aliyemtunga Joram Kiango, mpelelezi aliyewakosesha usingizi wasomaji wa miaka ya 1980. Alifariki 2008.

"Dada, hicho nikikipata hakilali," alinijibu. "Mwaka juzi nilikuwa nacho kimoja, hakina jalada. Alikinunua mzee, akakibusu."

"Na Musiba?"

"Wanaulizia kila wiki. Wanadhani naficha."

Mbele yake alikuwa na rundo la vitabu vya Kimarekani vya kutajirika haraka. Hivyo vipo vingi.

Mtaa wa Shaaban Robert

Nilimalizia pale, penye Makumbusho ya Taifa na Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Ni mtaa mzuri, wenye miti. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, 1909, akasoma hapa Dar kati ya 1922 na 1926, kisha akawa karani wa forodha. Maisha yake karibu yote alikuwa karani: forodha, mifugo, upimaji. Aliandika baada ya kazi za ofisi. Alifariki 1962, miezi michache baada ya uhuru.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa amepumzika kivulini nilimuuliza, mtaa huu ni wa nani.

"Shaaban Robert," akasema, akionyesha kibao.

"Alikuwa nani?"

Akafikiri. "Si yule mwenye shule, Upanga?"

Sikumcheka, na wewe usimcheke. Alichosema ndicho mji ulichomwambia. Kibao kina jina tu. Hakina mwaka, hakina neno mshairi, hakina jina la kitabu kimoja ambacho angeweza kukitafuta kwenye simu yake akisubiri abiria.

Ndiyo maana nasema jambo hili linawezekana, tena kwa gharama ndogo. Mwaka 2022 nchi ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ya uswahilini, ambayo tangu izaliwe ilijulikana kwa mwembe fulani au kwa baba fulani, ikatafutiwa majina, nguzo na vibao. Serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza kufika hadi vichochoro vyetu na kuvipa majina. Basi manispaa ziongeze mstari mmoja chini ya majina yaliyopo: Shaaban Robert, mshairi, 1909–1962. Pale Lumumba liwekwe jina la Kandoro na neno mshairi. Kariakoo, popote pale, liandikwe kwamba mji huu uliwahi kuwa na gazeti linaloitwa Kwetu. Amri Abedi apewe mtaa katika mji aliokuwa meya wake. Na mitaa mipya huku kwetu, Kiwalani na Vingunguti, isisubiri viongozi wa siasa wafe ndipo ipate majina. Watunzi wapo wa kutosha.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni vitabu vyenyewe. Kibao kinachomtaja Mtobwa hakina maana kama kitabu chake ni cha kubusu. Mkuki na Nyota walipotoa Peponi mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, watu walikinunua na kukijadili. Hamu ya kusoma ipo. Yule muuza mtumba anaulizwa kila wiki. Warithi wa waandishi hawa, wachapishaji na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayowatafuta watunzi wapya, wangekaa meza moja wakapanga kurudisha vitabu 20 tu vya zamani, hata kwa kuanzia na matoleo ya simu, kizazi cha Kiwalani kilichozoea kusubiri sura inayofuata kingevimaliza.

Nyayo ziliniuma, nikapanda daladala kurudi. Abiria wa jirani yangu, mama wa makamo mwenye kapu la dagaa, alikuwa anasoma hadithi kwenye simu, ya kundi la WhatsApp, sehemu ya 46. Nilichungulia kidogo. Alipoona nachungulia akaisogeza simu katikati, tukasoma wote hadi Tazara.